Mtu wa Tanga Mbele ya Ziwa Kivu

Goma imejengwa kwa mawe meusi. Ukuta wa shule, ukuta wa kanisa, ua wa tajiri anayetazamana na ziwa, hata msingi wa kibanda cha mbao, vyote vimetoka tumboni mwa Nyiragongo. Januari 2002 mlima ulipasuka, lava ikapita katikati ya mitaa ya biashara mpaka ikaingia ziwani. Mei 2021 ukapasuka tena, na safari hiyo lava ilikomea karibu na uwanja wa ndege. Watu walikimbia, wakarudi, wakashika nyundo. Nilipofika mwaka 2023 niliwakuta vijana wamekaa kando ya barabara wakiivunja lava vipande vya kujengea, wameviweka mafungu mafungu, kila fungu na bei yake.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu majengo ya kale ni ya mawe vilevile, ila meupe. Ukienda Tongoni, kusini kidogo ya mji, utaona msikiti uliobomoka na makaburi ya wakubwa wa zamani, yote ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa hiyo siku za mwanzo nilitembea Goma nikigusa kuta za watu, mpaka mlinzi mmoja wa mtaa wa Himbi akaniuliza kama natafuta kengele.

Tofauti iko kwenye muda. Goma hupewa jiwe kwa usiku mmoja, bila kuliomba, na kwa gharama ya kutisha. Jiwe la kwetu hujengwa na kiumbe wa milimita chache anayetoa chokaa majini, akajijengea kikombe, akafa, mwenzake akajenga juu yake. Yale matumbawe ya mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Bonge linalomfikia mtu mzima kichwani lilianza kukua pengine kabla Mjerumani hajatia nanga Tanga. Mlima utatema tena, kila mtu Goma anajua. Tumbawe likivunjwa, hakuna mlima wa kututemea jingine.

Mwenyeji wangu, rafiki niliyesoma naye Dodoma, alinicheka kwa mawazo haya. Alisema watu wa pwani tukiliona ziwa tunaona bahari iliyokosewa. Kuna ukweli. Nilikaa ufukweni nikingoja maji yapwe, hayakupwa. Nilinusa nikitafuta chumvi, nikanusa moshi wa makaa. Jioni baridi ikashuka, maana Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mimi nilikuja na mashati ya Tanga.

Chakula kilinituliza. Mama yake rafiki yangu alipika sombe kwa mawese, mahali ambapo mama yangu angetia nazi, akasonga bugali ya mihogo ngumu ya kukatwa kwa kidole, kisha akaleta sahani ya sambaza waliokaangwa wazima, ndimu na pilipili pembeni. Sambaza ni samaki mdogo, mwembamba, anayeng'aa. Unamla na kichwa. Nitasema jambo litakaloniletea maneno nyumbani: sambaza waliotoka ziwani alfajiri ni watamu kuliko dagaa wetu. Mama alifurahi kusikia hivyo, kisha akaniambia nizungumze polepole. "Swahili yako ni ya mu kitabu, papa. Inakimbiaka."

Huyo sambaza si mwenyeji wa Kivu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, vilibebwa vifaranga vya dagaa kutoka Ziwa Tanganyika vikamwagwa humu, kwa sababu sehemu ya kati ya Kivu ilikuwa haina samaki wa maana. Zilikusudiwa aina mbili, ikashika moja, ile ambayo Kigoma huitwa lumbu. Leo Goma, Bukavu, Idjwi na upande wote wa Rwanda wanaishi kwa mtoto huyu wa kuletwa. Nilipolisikia hilo nilipata wivu wa kijinga. Ziwa liliwahi kupandwa samaki likakubali, lakini nani atapakia mwamba wa matumbawe kwenye madebe akauhamishe?

Asubuhi nilikwenda Kituku. Ni soko na bandari na kisima cha maji kwa pamoja. Mashua zinashusha kabichi na maharage kutoka Minova, watoto wanajaza vidumu vya njano maji ya ziwa, vijana wa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili ambao Goma imeusimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, wanangoja mizigo, na akina mama wamekaa na mabeseni ya sambaza wakiwapungia nzi. Kelele zake ni za soko la samaki la kwetu kabisa. Harufu ndiyo nyingine, kwa kuwa samaki wa maji baridi hunuka upole.

Wavuvi walikuwa wamesharudi. Kule huvua usiku, kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba, miti mirefu ikichomoza mbele na nyuma kushikilia wavu, na taa zikining'inia juu ya maji. Wadudu wadogo wa majini hufuata mwanga, sambaza hufuata wadudu, wavu huinuliwa. Wakitoka jioni huimba, makasia yakienda kwa mwimbo. Kwa mtu aliyezoea ngalawa inayoondoka kimya na upepo wa alfajiri, ile sauti ya wanaume wengi ikienda gizani inatia hofu kidogo, na raha pia.

Nikamkuta mzee mmoja anashona wavu. Nikamwamkia, nikakaa kwenye jiwe jeusi, tukaongea. Malalamiko yake ningeweza kuyakamilisha mwenyewe, maana kwetu Tanga nimeyasikia Kigombe, nimeyasikia Sahare. "Zamani ndobo ilikuwa inajaa. Leo unapitisha usiku muzima, unarudia na nusu." Sababu? Akataja vita, akataja wanajeshi wa majini wa ng'ambo wanaowakamata wavuvi waliovuka mpaka usioonekana, kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa kushoto, ambako watoto na vijana walikuwa wakikokota kitu chepesi cha rangi ya samawati karibu na ufuko. Chandarua cha malaria. "Ile inabebaka mpaka mayai."

Hapo ndipo ziwa liliponifungukia. Kivu ni refu kwenda chini, karibu mita 485 pale penye kina zaidi, lakini uhai wake wote unakaa juu. Chini ya mita sitini hivi hakuna oksijeni, hakuna samaki. Kuna maji mazito yenye chumvi, na ndani yake imeyeyuka hewa ya ukaa kiasi cha kilomita za ujazo 300 na methani kama 60, ile ambayo Warwanda wa Karongi wanaivuta kuzalishia umeme. Sambaza wakubwa huzunguka katikati, juu ya shimo hilo, lakini kutaga hutaga kandokando, kwenye maji mafupi, na watoto wao hulelewa pale pale, katikati ya mawe ya lava. Samaki wengine wadogo wa miambani, ambao aina zao kadhaa hazipatikani popote duniani ila hapa, nao huishi kwenye huo ukingo. Yaani ziwa lote kubwa linategemea utepe mwembamba wa pembeni. Ukiuchana utepe, huku katikati utaendelea kuona maji mazuri ya buluu kwa miaka, na sahani zitapungua taratibu.

Bahari yetu ndivyo ilivyo. Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia moja ya sakafu ya bahari zote duniani, ila karibu robo ya viumbe vya baharini vinavyojulikana hupita hapo katika maisha yao, kula, kujificha au kuzaliwa. Changu, chewa, pono, kamba, pweza, hao wote ni watoto wa mwamba. Nikamweleza mzee. Akasikiliza, sindano ya wavu imesimama.

"Hayo matumbawe, ni jiwe ao ni nyama?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo na mtu wa pwani, labda kwa kuwa sisi tumezaliwa tukiyakanyaga. Nikamwambia ni nyama, mnyama hai, anayejenga jiwe na kufuga mimea. Ndani ya ngozi yake wanaishi miani wadogo mno, wao humpikia chakula kwa mwanga wa jua, yeye huwapa makao. Maji yakizidi joto, hata kwa nyuzi moja tu juu ya kiangazi cha kawaida, yakakaa hivyo majuma kadhaa, wanaachana. Mnyama hubaki mweupe kama mfupa, na asipopata nafuu mapema hufa njaa. Mwaka 1998 ilitokea kwenye Bahari ya Hindi yote na pwani ya Afrika Mashariki ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Ikaja tena 2016. Mwaka 2024, baada ya safari yangu, ikatangazwa kuwa dunia nzima imo katika wimbi la nne la weupe huo, na kwetu pia ulionekana.

Mzee akauliza nani alileta hilo joto. Nikasema moshi wa viwanda na magari, mwingi wa nchi za mbali. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayejua habari za vitu vya mbali vinavyoua karibu.

Sikumficha lakini kwamba mengine tuliyafanya kwa mikono yetu. Nimekulia Tanga ya baruti. Ulikuwa unasikia mshindo asubuhi ukiwa darasani, mzito, wa chini, mwalimu anaendelea kuandika ubaoni. Chupa, mbolea au baruti ya machimbo, utambi, basi. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa ndani ya samaki, wachache huelea wakaokotwa, wengi huzama wakaoza. Pale ulipotua mwamba hugeuka kifusi, na kifusi ndicho kibaya kuliko shimo, kwa maana vipande hubingirika na kila wimbi na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika. Sehemu moja iliyopigwa inaweza kukaa jangwa kwa miongo. Sheria ilikataza tangu 1970. Baruti ikaendelea, ikapungua, ikarudi, na ilipungua kwelikweli kuanzia kama mwaka 2016 na 2017, vyombo kadhaa vya dola vilipoungana na kuanza kuwafuata wauzaji wa milipuko badala ya kumvizia mvuvi peke yake.

"Na serikali ilikuwa wapi miaka yote?" akauliza mzee, mkazi wa Goma, bila tabasamu. Tulicheka wote, ikabidi tukae kidogo kabla ya kuendelea.

Nilimweleza pia yaliyofaa, nisije nikaonekana nimekuja kulia tu. Mwaka 1994 ulianza Tanga mradi wa kuhifadhi pwani, kwa msaada wa IUCN na serikali ya Ireland, na vijiji vikakaa, vikabishana, vikakubali kufunga baadhi ya miamba yao wenyewe ili ipumzike. Kuruwitu, kule Kilifi, wazee walioona samaki wamekwisha walitenga hekta 30 hivi za bahari, wakaita tengefu, wakakataza uvuvi ndani yake, na mwaka 2017 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kisiwa Panza, Pemba, hufunga sehemu ya kuvulia pweza kwa miezi mitatu hivi. Pweza hukua mbio na hufa mapema, kwa hiyo siku ya kufungua watu hushuka na maji ya bamvua, wanawake na vijiti vyao, wakatoka na pweza wa kubebwa begani. Faida unaiona kwa macho kabla hasira haijakolea.

Mzee alipenda habari ya pweza. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo hasa ninalotaka kuliandika hapa, yale mengine yote ni njia ya kufika kwake: "Sisi tukifunga ziwa, batoto bakule nini?"

Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kama miezi miwili kila mwaka, ili samaki wazae. Upande wa Kongo nao hufunga, ila kufunga karatasini na kufunga majini ni mambo mawili, na samaki hawajui upande. Katika ripoti za wataalamu, hili linaitwa udhaifu wa utekelezaji. Mimi niliona kitu kingine. Mchana ule mwenyeji wangu alinipeleka magharibi ya mji, upande wa Bulengo, ambako maelfu ya watu waliofukuzwa na vita kutoka Rutshuru na Masisi walikuwa wamejibana kwenye vibanda vya turubai juu ya lava, mahali ambapo huwezi hata kuchimba choo. Ziwa liko pale chini. Mtoto anayekokota chandarua kwenye ukingo anajua anachukua samaki wachanga, hakuna haja ya kumpa semina. Hana kesho ya kuiwekea akiba.

Kungoja kuna bei, na nashangaa jinsi sisi waandishi wa mazingira tunavyolipita jambo hili haraka tukimbilie kwenye elimu kwa jamii. Kisiwa Panza waliweza kungoja kwa sababu walifunga kipande, si bahari nzima. Palibaki pa kuvua. Muda ulikuwa mfupi, na waliofunga ndio waliofungua. Mvuvi wa baruti wa Tanga naye mara nyingi hakuwa mwenye chombo wala mwenye baruti, alikuwa kijana wa kupiga mbizi anayelipwa kwa siku, na bwana wake yuko mjini kavu kabisa. Hao wawili ukiwaita kwa jina moja, mharibifu wa mazingira, umeshakosea kabla hujaanza. Mzee wa Kituku alikuwa na shauri lake: kama wangefungiwa mazalio ya ukingoni tu, wakaachiwa katikati, na chandarua kikanunuliwa na kuchomwa mbele ya watu, yeye angekuwa wa kwanza kukubali. Sijui kama kuna ofisi iliyomwuliza.

Kwetu tuna sababu nyingine ya kujali, ambayo nilimweleza rafiki yangu usiku, tukiwa juu ya paa na kahawa ya Kivu, taa za wavuvi zikianza kuwaka mbali. Mwaka 2020 mtafiti Tim McClanahan wa shirika la uhifadhi la WCS, aliyechunguza miamba ya pwani yetu kwa miongo, alionyesha kwamba kati ya Shimoni na Dar es Salaam maji ya baridi yanayopanda kutoka vilindini hupunguza makali ya joto, na kwamba hapo huenda matumbawe yakasalimika pale yatakapokufa kwingine. Tanga iko katikati ya kipande hicho. Hapo hapo ndipo alipojitokeza silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, akanaswa na jarife za wavuvi wa Tanga, mpaka ikatengwa hifadhi yake mwaka 2009. Rafiki yangu akasema basi Mungu anawapenda, amewapa friji. Nikasema ndiyo, na sisi tukaitupia baruti.

Nimeandika haya Goma ikiwa mikononi mwa waasi wa M23, walioingia mwishoni mwa Januari 2025. Rafiki yangu yuko salama, ameniandikia. Ameniambia sambaza wanauzwa ghali.

Mwaka ule wa 2023 niliondoka Goma kwa meli kwenda Bukavu, urefu wote wa ziwa. Nilikaa karibu na mfanyabiashara, mama wa vitenge na samaki wakavu, aliyetandaza mizigo yake akaketi juu yake. Alinionyesha chupa na mifuko iliyoelea upande wa jua. Yote hiyo inakwenda Ruzizi, alisema, inaziba mitambo ya umeme, Bukavu inakosa mwanga. Kweli, Ruzizi ndio mlango pekee wa Kivu. Kila kinachoelea huishia bwawani, ambako watu hukitoa kwa kulabu na kwa mikono, na kinachopenya huendelea mpaka Tanganyika, kwa hiyo takataka za Goma zinaweza kutufikia sisi bila pasipoti. Rwanda walikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Upande wa Kongo amri ipo tangu mwisho wa 2017, na muuza karanga ndani ya meli alikuwa akifungia karanga zake kwenye kimfuko cheusi.

Nikamwonyesha mama picha za matumbawe ya Tanga kwenye simu. Akaikuza moja kwa vidole viwili, akaitazama sana.

"Ni maua?"

"Ni wanyama, mama."

"Na nani analindaka?"

Nikamweleza kuhusu BMU, vile vikundi vya wavuvi wenyewe vilivyopo katika vijiji vya pwani, vinavyokagua nyavu na kuwaripoti wenye juya, na boti ya doria pale ilipo.

"Mafuta ya boti nani anaweka?"

Nikasema hapo ndipo penye kazi. Kuna vijiji ambako boti imefungwa ufukoni miezi, haina hata lita.

Akacheka mpaka akashika mbavu, akawatafsiria jirani zake kwa Kihavu, nao wakacheka. Aliporudisha simu alikuwa ameshaingia kwenye jambo jingine. Wale pweza niliowataja, alitaka kujua, wakikaushwa vizuri wanauzwa kilo shilingi ngapi Tanga, na kwa dola inakuwa kiasi gani, na wakifika Bukavu bila kuoza nani atakataa kuwala?